Nilimjibia Dada Yangu Mbele ya Nesi

Kosa ni langu, sitamsukumia mtu. Nimelificha muda mrefu, leo nimeshindwa.

Nina miaka arobaini na kitu. Tangu nimalize kidato cha nne sijatulia mahali: Mahenge, Mlimba, Songea, narudi, naondoka tena. Kote huko nilimkumbuka dada yangu mkubwa, aliyenilea kijijini kwetu Michenga. Nilimkumbuka amekaa chini, miguu kainyoosha, anasuka mkeka wa ukindu tangu asubuhi hadi jioni. Hakuna aliyejua kutulia kama yeye!

Niliporudi safari ya mwisho nikamkuta anaumwa. Alikuwa anasikia sauti zikimtukana. Nikampeleka kliniki Ifakara, akaanza vidonge. Baada ya wiki kadhaa sauti zikanyamaza. Nililia kwa furaha.

Lakini hakukaa tena. Jamani! Alikula amesimama. Alishika ukindu, akasuka kidogo, akautupa. Tukampandisha kwenye dungu shambani afukuze ndege, akashuka, akazunguka mpaka mpunga ukalala. Majirani wakacheka: "Naye kawa mzururaji kama wewe!"

"Mdogo wangu, kichwa kimepona," aliniambia. "Ni miguu. Kama nina siafu ndani ya mifupa. Ni tangu nianze hivi vidonge."

"Huo ni ugonjwa unaongea," nikamjibu.

Siku ya kliniki alishindwa kukaa kwenye benchi. Nesi akamuuliza, "Mama, unajisikiaje?" Dada akafungua mdomo. Nikamuwahi!

"Kichaa kimerudi, nesi. Hatulii, mkali. Muongezeeni dawa."

Nesi akaniamini mimi. Msomi wa familia si mimi? Dawa ikaongezwa.

Wiki ile alitembea mpaka nyayo zikapasuka. Nikamfungia chumbani kwa kufuli. Nilisikia hatua zake, ukuta hadi ukuta, akiniita kwa jina langu la utotoni. Sikufungua. Mungu wangu, sikufungua!

Nikarudi kliniki peke yangu kuomba dawa kali zaidi.

"Bado anasikia sauti?" nesi akauliza.

"Hapana."

"Huo ukali, kwa nani?"

"Kwangu, nikimwambia akae."

Akaweka kalamu chini. "Kaka, kutotulia huko mara nyingi kunaletwa na dawa yenyewe. Tungeipunguza, au tungembadilishia. Kwa nini hukumwacha aseme?"

Wakanipa dawa ya kumbadilishia. Nilikimbia nyumbani, nikafungua kufuli, nikampa dawa mpya. "Meza wewe," akasema.

Tangu siku hiyo hajameza chochote kutoka kwa mtu. Sauti zimerudi, na anasema moja ni yangu. Sasa anakaa, kama nilivyotaka! Kutwa nzima kaelekea ukutani, mikono mitupu. Kila asubuhi nasimama mlangoni: "Shikamoo, dada." Anaziba masikio.

Wewe unayeuguza mtu wa namna hii, usimwachishe dawa kwa akili zako, na usimwongezee kwa hasira zako. Akikwambia dawa inamtesa, mpeleke haraka kwa waliompa, kisha nyamaza. Nyamaza kabisa! Dada yangu alikuwa ameshafungua mdomo.