Maji Meupe kama Tui

Niliolewa enzi za Mwingereza, na mume wangu akanipeleka Temeke, kwenye nyumba ya miti na udongo tuliyopanga vyumba viwili. Sakafu ilikuwa ya saruji, jambo la kujivunia siku zile. Choo kilikuwa cha shimo, uani, tukitumia pamoja na majirani wa vyumba vya mbele.

Mume wangu alifanya kazi ya kupiga deki wodini, hospitali ya mjini. Huko ndiko alikoipendea dawa ya kusafishia sakafu. Alikuwa akiinunua dukani kwa Mhindi, kwenye kopo, nyeusi tii kama lami, lakini ukiitia kwenye maji inageuka nyeupe kabisa. Kila asubuhi kabla hajaenda kazini alipiga deki vyumba vyote viwili, akamwaga yaliyobaki chooni. Majirani walimcheka, mwanamume kushika tambara. Hakujali.

"Wodini nimeona mtu anaingia na kidonda kidogo tu," alikuwa akiniambia, "halafu anatoka amebebwa. Kwangu hapa sitaki."

Harufu ile ilinikera mwanzoni, kisha nikaizoea, mpaka ikawa nikienda kwetu naona nyumba ya wazazi wangu ina kasoro fulani.

Mimba yangu ya kwanza ilipokuwa kubwa, mama mkwe akaja kutoka Kisiju kunisubiri nijifungue. Alikuja na mkeka wake, chetezo chake na udi umefungwa kwenye kitambaa. Nilimpokea mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Akanusa, akasimama palepale. "Humu kuna mgonjwa?"

"Hapana, mama. Ni dawa ya mwanao."

Siku ileile alifukiza udi tangu ukumbini hadi uani. Kesho yake mume wangu akapiga deki, na yeye akafukiza tena. Ikawa hivyo kila siku. Hawakugombana hata mara moja. Mmoja akimaliza, mwenzake anaanza, na mimi katikati yao na tumbo langu, nikigeukia ukuta kucheka.

Mie nilikuwa nikiuza vitumbua barazani. Alasiri moja mama mkwe alisema nipumzike, unga atauchanganya yeye. Alikuwa na mafua makali siku ile, hasikii harufu hata ya udi wake. Nilikuwa nimekuna nazi na kuchuja tui, nikalifunika jikoni. Kando yake palikuwa na bakuli la maji ya dawa ambamo mume wangu alikuwa ameloweka tambara, tambara likiwa limeanikwa, maji yamesahaulika.

Nilipoamka nikaenda jikoni. Harufu ilinipokea mlangoni. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye mbuzi ya kukunia nazi, anakoroga unga wa mchele kwa mwiko, taratibu, uso umetulia. Bakuli la dawa lilikuwa tupu. Tui lilikuwa bado limefunikwa.

"Mama," nikasema, "hilo si tui."

Aliangalia chungu, akaangalia bakuli. Akachovya kidole, nikamshika mkono kabla hajakipeleka mdomoni. Tulibaki hivyo kidogo, mkono wake mkononi mwangu. Kisha akainuka, akabeba chungu kizima kwenda kukimwaga chooni. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

Mume wangu aliporudi akauliza mbona leo barazani hakuna vitumbua.

"Unga ulichacha," nikasema.

"Haukuchacha," mama mkwe akasema kutoka kwenye mkeka wake. "Nimeutia dawa yako. Mwenzio ananisitiri tu."

Mume wangu alitutazama kwa zamu, akaanza kucheka. Mama mkwe alijizuia, akashindwa, akacheka mpaka kikohozi kikamkamata. Alipotulia, akavuta kanga mabegani.

"Kabla yako nilizaa wawili," akamwambia mwanawe. "Wote walinifia kitovu hakijaanguka. Walikuwa wazima, wananyonya vizuri, mara wanakakamaa. Hiyo dawa yako inazuia hayo?"

Mume wangu hakuwa na majivuno. Alisema yeye ni mpiga deki tu, si daktari, lakini wakunga wa hospitali wanaosha mikono mpaka viwikoni kwa sabuni ya dawa, na wembe wa kukatia kitovu wanauchemsha.

"Basi niletee hiyo sabuni," mama mkwe akasema.

Siku yangu ilipofika, mkunga wa mtaa alikuja na wembe wake kwenye pindo la kanga. Mama mkwe aliuchukua, akautia kwenye sufuria lililokuwa likichemka, kisha akamwonyesha sabuni na maji. Mkunga alinuna, lakini alinawa. Nikajifungua mtoto wa kike, na alfajiri ile niliisikia sauti yake kabla sijamwona.

Wageni walipoanza kuja kumtazama mtoto, mama mkwe aliketi mlangoni na beseni na kile kipande chekundu cha sabuni alicholetewa na mwanawe. Shangazi mmoja wa mume wangu alilalamika kwamba ametoka mbali na sasa ananawishwa kama anakwenda kula.

"Karibu sana, wifi," mama mkwe akamwambia. "Mikono kwanza."

Mimi nilikuwa kitandani, binti yangu ananyonya, kitovu chake kimeshaanguka na kupona. Nikasikia maji yanamiminwa, na shangazi anacheka huku ananawa.