Winga Aliyehama Upande

Kwetu Puge, enzi za Mwingereza, mchezaji wa mpira hakununuliwa kwa fedha. Bei yake ilikuwa kazi. Timu ya wafanyakazi wa reli kule Tabora ikikupenda, unapewa kazi ya kupakia mizigo stesheni na chumba mtaa wa Mtendeni, na mama yako anaanza kutembea kifua mbele. Mwaka ule nafasi ilikuwa moja tu, na kijiji kilikuwa na mawinga wawili: kaka yangu wa kulia, na rafiki yake wa kushoto.

Kuwatofautisha ilikuwa shughuli. Kimo kimoja, mbio zile zile, wote peku. Wazee waliwapima kwa maneno kama madume ya ng'ombe mnadani: huyu ana mguu, yule ana pumzi, huyu ana akili, yule haogopi. Asubuhi kaka alikuwa juu, jioni rafiki. Mimi sikuwa na mjadala. Kaka ndiye bora, na aliyebisha nilimnunia. Tena rafiki yake alikuwa na ng'ombe wa baba yake. Sisi hatukuwa na kitu. Baba alikwisha kuamua: kaka asipochukuliwa na reli, atapanda lori la manamba, vibarua wa mkataba, akakate mkonge Tanga. Waliokwenda huko, wengine hatukuwaona tena.

Mtu wa reli alikuja Jumapili baada ya Misa, mwanamume mnene mwenye kofia. Alikuwa mzaliwa wa Choma, kwa hiyo desturi zetu alizijua. Kwetu ngoma mbili huchezwa uwanja mmoja, wakati mmoja, bila mwamuzi. Watu ndio wanaoamua: ukivutiwa na ngoma ya pili unahamia kwake, na inayobaki bila watu imeshindwa. Mpira nao tuliutazama hivyo hivyo. Mtu wa reli akasimama nyuma ya goli, na macho yake yalikuwa kwa watu kuliko kwenye mpira.

Kipindi cha kwanza sisi watazamaji tulihama na kurudi kati ya mawinga wetu wawili, vumbi tupu. Kipindi cha pili yule wa kushoto akapokea mpira karibu na goli letu. Mpaka leo nikisimulia, mwili unanisisimka. Akampita mpinzani wa kwanza. Wa pili akakaa chini mwenyewe. Wa tatu akabaki anageuka geuka kutafuta mpira uliokwisha kumpita zamani, na mtoto wa watu anazidi kwenda, taratibu, kama yuko peke yake shambani kwao. Sikuwahi kudhani binadamu anaweza kufanya vile. Watu wote wakahamia kwake, hadi baba. Nikabaki peke yangu upande wa kulia, nimekunja mikono. Damu ni nzito kuliko maji.

Ndipo kaka yangu, badala ya kukimbilia golini kungoja krosi, akasimama na kushika kichwa kwa mikono miwili. Kisha akakata uwanja, mpira ukiendelea, akatoka nje ya mstari wa kushoto, akasimama katikati ya watazamaji akipiga makofi.

"Kaka, rudi!" nilipiga kelele. Hakunisikia.

Mechi ilipokwisha, mtu wa reli akamfuata baba.

"Shikamoo, mzee. Mimi nilikwisha kumchagua wako, toka kipindi cha kwanza. Lakini amehama mwenyewe, mbele ya watu. Niseme nini tena?"

Kwetu, aliyehama amehukumu.

Lori la manamba lilikuja wiki ile ile. Mama alimshika kaka shati, akilia kwa hasira.

"Umejitupa mwenyewe! Ulikuwa umeshapata! Ulihama kwa nini?"

Kaka alikuwa na mguu mmoja tayari kwenye lori. Akageuka, uso wake umejaa mshangao ule ule wa Jumapili.

"Mama, lakini ulimwona?"

Mama alimwachia shati, akafuta machozi kwa upande wa kanga.

"Nilimwona, mwanangu," akasema. "Nilimwona."