Winchi na Ngazi za Kushuka

Siku plasta ya mguu wake uliovunjika ilipokatwa, Winchi alilitazama paja lake, akacheka, kisha akalitazama tena. Jamani, hili paja la nani? Upande wa kushoto ulikuwepo mguu wake wa siku zote, mguu wa kubebea makabati. Kulia palikuwa na kitu chembamba, utadhani amekiazima kwa mpwa wake.

"Nyama imekwenda wapi?" akamuuliza mtaalamu wa viungo, mama mmoja wa makamo asiyependa porojo.

"Umeila mwenyewe. Mwili haulishi mvivu. Msuli usipotumika, mwili unaumeng'enya polepole na kuupunguza."

Ameila mwenyewe! Winchi alitoka pale akijipapasa paja na kutikisa kichwa.

Kazi yake ilikuwa kuhamisha watu nyumba. Alishirikiana na shemeji yake, kaka wa mkewe, na kwenye ngazi kila mtu alikuwa na mahali pake: shemeji juu, yeye chini. Uzito humwelemea wa chini, na jina la Winchi lilitoka hapo. Sasa alisikia shemeji ameonekana akizungumza na mbeba mizigo mwingine, jitu la miraba minne. Alipomwuliza, shemeji aliangalia pembeni.

"Pona kwanza, shemeji. Wa chini akilegea, wa juu anakuja naye."

Maneno ya haki hayo, lakini yalimchoma. Usiku na mchana aliwaza jambo moja tu: asiipoteze nafasi yake.

Basi akaanza mazoezi. Mfuko wa mchanga begani, ngazi za jengo lao mpaka juu kabisa. Na kwa kuwa alizaliwa na ugonjwa wa kuuliza, kila alipokutana na yule mama alikuwa na jipya. Mbona paja bado jembamba, lakini mfuko umeanza kuwa mwepesi?

"Mwanzoni ni ubongo unaojifunza kuiamsha misuli yote kwa pamoja. Unene hufuata baadaye, tena hujengeka ukipumzika, si ukihema."

Na mbona mguu ukiisha nguvu kabisa, akisimama kidogo tu zinarudi?

"Msuli una kuni chache karibu na moto. Zikiisha, usubiri nyingine. Ukiupa nafasi, zinajaa tena."

Winchi alizipenda kuni hizo mpaka akazihamishia mezani. "Wewe na kuni zako," mkewe akamwambia, "kula, chakula kinapoa!"

Ila kulikuwa na jambo moja, na msimcheke. Akifika juu alitua mfuko, akateremka kwa lifti. Ndivyo wahamishaji walivyo: kabati haliingii kwenye lifti, linapanda kwa ngazi mabegani mwa watu, likishafika, mikono mitupu hushuka kwa raha zake. Mazoea yana taabu. Kushuka kwa ngazi hakukumpitia kichwani hata mara moja.

Kazi ya kwanza baada ya kupona, yeye na shemeji, ilikuwa kumtoa mwalimu mstaafu ghorofa ya nne. Kabati la mbao za zamani, zito kama dhambi. Winchi akajipanga chini, akaanza kushuka kinyumenyume.

Haikuchukua muda paja likaanza kutetemeka. Kupanda, msuli hujikunja ukisukuma. Kushuka, hunyooka huku umeshika breki. Na breki hizo Winchi hakuwa amezifanyia zoezi hata siku moja. Alilielewa hilo palepale chini ya kabati, na mtu huyu wa ajabu, moyo wake ukafurahi kidogo kwa kupata jibu. Kisha hofu ikamshika.

Miaka yote ya kazi yao, hakuna aliyewahi kusema "shusha" katikati ya ngazi. Kwao, mwenye kusema hivyo amekwisha. Akisema, kazi imekwenda. Asiposema, kabati litawaua wote wawili.

"Shusha," akasema.

Kabati likatua pale ngazi zinapokata kona. Winchi akaegemea ukuta, aibu imemjaa mpaka masikioni, akingoja kuambiwa aende nyumbani. Alisikia paja likitulia, kuni zikirudi kama alivyoambiwa. Safari hii hazikumfurahisha.

Upande wa pili wa kabati mtu alikuwa akihema, kuhema kwa mtu aliyekaribia kulia.

"Shemeji," sauti ikasema, "mgongo wangu umekufa tangu mwaka juzi. Nilikuwa nangoja uchoke wewe kwanza."

Winchi akachungulia kwenye uwazi kati ya kabati na ukuta. Shemeji amekaa kwenye ngazi, amejishika mgongo.

"Na yule jamaa uliyetaka kumpa nafasi yangu?"

"Yako?" shemeji akajifuta uso. "Nilitaka kumpa yangu."