Kidole cha Zebedayo

Baba yangu mkubwa, Zebedayo wa Iyula, alikuwa mtu wa tumbo kubwa na maneno makavu. Alipenda maini, alipenda utumbo, na pombe ya ulezi hakuipa nafasi ya kupoa. Mwaka 1951, asubuhi baada ya harusi ya jirani, aliamka kidole gumba cha mguu kimevimba, cha moto, ngozi inang'aa. Hata shuka ikikigusa aling'ata meno. Baada ya juma moja kikapona. Mwaka ule kilivimba tena mara tatu.

Kijijini jibu lilikuwa tayari: amekanyaga dawa. Na aliyeitega, kwa kusema kwao, ni Tabita, mjane aliyekaa kando ya njia ya kisimani. Aliyelivumisha zaidi ni Efraimu, shemeji wa Tabita, ambaye alikuwa ameitolea macho mibuni ya marehemu mume wa Tabita. Neno likafika kwa mwene, mtawala wetu. Zebedayo akithibitisha, Tabita afukuzwe.

Baba mkubwa alikataa katakata. Watson, mganga wa zahanati, alikuwa amemwambia ni jongo, ugonjwa unaowapenda wanaume wa makamo wanaokula nyama na kunywa bila kipimo, tena hurithiwa. Akakumbuka kwamba baba yake naye alichechemea vivyo hivyo, kabla Tabita hajazaliwa. Akaacha nyama na pombe miezi minne, kidole kikatulia. Wazee wakasema kimetulia kwa sababu Tabita ameogopa. Nakasirika mpaka leo nikikumbuka. Watu wakishaamua, hata ukweli wanautafutia kosa.

Basi Tabita akaenda Ivuna kwa dada yake kutafuta chumvi. Tangu alipoondoka, baba mkubwa hakutoka nje ya ua wake. Juma lilipokwisha akachinja mbuzi. Mkewe, mama mkubwa Nesta, alimsihi asijiue; alijibu liwalo na liwe. Akawaalika wazee, akala maini na figo mbele yao, akanywa kibuyu baada ya kibuyu. Efraimu, kwa furaha ya pombe ya bure, ndiye aliyekuwa akimimina.

Siku ya tatu alibebwa kwa machela hadi barazani, jasho likimtiririka. Akakifunua kidole.

"Mwene, leo Tabita ana siku kumi Ivuna, na mimi siku hizo zote sijavuka ua wangu," alisema. "Dawa hii sikuikanyaga. Nimeinywa, na aliyenimiminia ni Efraimu."

Mwene akaamuru Tabita asiguswe, wala mibuni yake.

Tabita alirudi na chumvi, akachuma kahawa yake mwaka ule na mingine mingi. Baba mkubwa alichechemea mpaka kufa kwake. Aliyemwonea huruma alipata jibu lile lile.

"Mguu ni wangu. Nimeutumia nilivyotaka."