Uso wa Phulmoti kwenye Pakiti ya Chai

Phulmoti Bauri alikuwa amechuma chai miaka thelathini na mmoja kwenye vilima vya Sylhet, kama mama yake na bibi yake. Chai aliyokunywa mwenyewe ilikuwa lile vumbi linalobaki kiwandani, akilichemsha kwa chumvi.

Siku walipokuja wanunuzi kutoka Ulaya, meneja aliwapanga wachumaji mstari mmoja, Phulmoti mbele kabisa. Mgeni mmoja, mama mwenye kofia pana, alimjia mbiombio akicheka, akatoa pakiti ya chai mkobani. Juu yake palikuwa na uso wa Phulmoti wa miaka sita iliyopita, ukitabasamu.

Anjana, mwalimu wa shule ya shambani, alitafsiri. "Anasema kwao kila mtu anakufahamu, shangazi. Wanakuona mezani kila asubuhi."

"Kumbe, malkia!" wenzake wakapiga kelele. "Ulitufichia nini siku zote hizo?"

Phulmoti hakucheka. Aliikumbuka siku ile. Mpiga picha alimtaka atabasamu, na nyapara akamwonya kwamba akinuna atarudi nyumbani bila ujira. Ilikuwa siku ya tisa tangu binti yake Rupali afariki kwa uchungu wa uzazi. Zahanati ya shamba ilikuwa imefungwa, mhudumu yuko mjini. Walimbeba Rupali kwenye machela ya mianzi hadi barabara kuu, akakata roho kabla gari halijapatikana.

"Kila mtu ananifahamu?" Phulmoti alisema. "Hebu muulize, naitwa nani?"

"Anawashukuru kwa kuja," meneja akadakia kwa Kiingereza.

Kazi ya Anjana ilikuwa mikononi mwa meneja huyo huyo. "Hakusema hivyo," Anjana akamwambia mgeni, kisha akatafsiri neno kwa neno.

Mgeni aliiva uso. Hakulijua jina.

Basi Phulmoti akamweleza habari za Rupali, za ujira wao mdogo na nyumba zao zinazovuja, bila kupaza sauti, na Anjana akazitafsiri zote. Mgeni akalia. Akauliza, "Nifanye nini?"

Hapo ndipo hasira ilipompanda Phulmoti.

"Aniulize mimi? Mimi najua bei inapangwa na nani huko kwao? Najua wanakutana katika chumba gani? Mwambie yeye ndiye anayejua, yeye ndiye anayekaa nao. Machozi nimeyaona. Ayafute, aende akaseme. Na uso wangu autoe hapo, sikumpa mtu!"

Kesho yake meneja alimhamishia kilima cha mbali, mwendo wa saa mbili kwa mguu. Alidhani ameyamaliza. Wanawake waliposikia, waliweka makapu chini wakaketi mbele ya kiwanda, msimu wa majani umepamba moto. Walitaka Phulmoti arudishwe, na zahanati ipate muuguzi wa kudumu. Siku nne hawakugusa jani.

"Phulmoti dada, waambie warudi kazini," meneja alibembeleza.

"Leo nimekuwa dada? Juzi nilikuwa mkorofi."

Siku ya tano Phulmoti alirudishwa kwenye kilima chake, na muuguzi akaletwa, akapewa chumba kando ya zahanati. Kabla mvua hazijaisha, wanawake watatu walikuwa wamejifungua pale, wote wazima. Phulmoti alikwenda kuwaona watoto hao, akafurahi, kisha akatoka nje akalia peke yake. Kumbe jambo lenyewe lilihitaji siku nne tu.

Barua ya mgeni ilifika baada ya miezi mitano. Picha imeondolewa, Anjana akasoma, sasa pakiti ina picha ya mlima. Suala la ujira na nyumba amelifikisha kwa wakubwa, nao wanalifikiria.

"Wanalifikiria!" Phulmoti akafoka. "Kwani chai wanayokunywa wanaifikiria, au wanainywa tu? Chukua kalamu, mwanangu. Andika kwamba paa letu linavuja, na tunangoja. Andika na jina langu chini, herufi kubwa, wasije wakasema hawalijui."