Shukrani Iliyomwachisha Mama Vidonge

Wifi yangu Mahlagha kazi yake, katika chuo kimoja hapa mjini Yazd, ni kusoma kurasa za afya za mtandaoni za Kiajemi na kuzipa alama. Nani kaandika, lini, habari kaitoa wapi, na anauza nini. Alama kamili ni ishirini; nyingi hata kumi hazifiki. Kazini ni mkali huyo, usiombe! Nyumbani kwetu, mbele ya mama yangu, hata kukohoa anaomba ruhusa.

Mama, Bi Tuba, ana kisukari, na ana simu. Balaa tupu! Siku moja akatupia kwenye kundi la familia ukurasa wa sijui daktari gani: chemsha mdalasini na majani ya mzeituni, sukari kwaheri. Sote tukajibu kama kawaida yetu, "Mikono yako isiumie, mama." Ndiyo asante yetu. Mahlagha naye akaandika hivyohivyo. Mkwe amwambie mama wa mumewe kuwa katuma upuuzi, ukoo mzima ukisoma? Thubutu!

Ijumaa moja, wiki kadhaa baadaye, tukakusanyika kula. Mama anakunywa maji glasi juu ya glasi, anavuta soksi kuficha kidonda mguuni. Mahlagha akakiona.

"Mama, vidonge unameza?"

"Vidonge vya nini tena? Si uliupitisha ule ukurasa? Hawa wengine hawajui kitu, ila wewe ndiyo kazi yako. Nilipoona umeshukuru, nikavitupa."

Jamani! Mahlagha uso ukamshuka. Kaka yangu akamfinya anyamaze. Wapi!

"Ule ukurasa ni sifuri, mama. Huyo daktari hana jina, ukurasa hauna tarehe, na chini kabisa wanauza huohuo mdalasini. Nilikushukuru kwa adabu tu."

"Sifuri? Unaniaibisha mbele ya wanangu?"

"Nifukuze ukitaka, mama. Lakini mguu huo sikubali ukatwe."

Tukamkimbiza hospitali, amenuna njia nzima. Daktari akasema mguu utapona, ila tulikuwa tunacheza na moto.

Akiwa kitandani, mama akamgeukia Mahlagha. Hasira zilikuwa zimemwisha, na hapo ndipo moyo uliponiuma.

"Miaka yote hii, mikono yako isiumie, mikono yako isiumie. Kuna hata moja iliyokuwa ya kweli?"

Mahlagha akaangua kilio. "Zote, mama. Isipokuwa hiyo moja."

"Na ndiyo niliyoiamini," mama akasema.