Kisu Chenye Mkia

Mwanzoni mwa miaka ya 2010, nilipokuwa nikiuza vitenge Kasese, sikutoka nyumbani bila kisu. Nasema kisu cha kukunja, kile ambacho ubapa wake hulala ndani ya mpini kama mtu aliyejifunika blanketi. Nilikishonea mfuko wake ndani ya sketi, upande wa kulia, na nilipotembea kiligusa paja langu polepole, kama kinanikumbusha jambo.

Wanawake wenzangu sokoni walinicheka. "Huyu anakwenda vitani na nani?" Lakini kamba ya robota ilipogoma kufunguka, jina lililoitwa lilikuwa langu.

Mapenzi hayo niliyapata kwa Baba. Alitoka Kenya akiwa kijana, akaja kufanya kazi katika kiwanda cha saruji, na hata baada ya kustaafu hakurudi kwao. Alisema mlima wa theluji ulio juu ya mji wetu ulimshika. Asubuhi nyingine ukungu ulifunguka kidogo upande wa kijiji cha Nyakalengija, theluji ikaonekana ikielea angani bila kitu chini yake, kisha ikafutika, nawe uliyeiona ukabaki ukijiuliza kama uliiona kweli. Baba aliitazama akiwa barazani, akimenya chungwa. Ganda lilitoka kama utepe mmoja mrefu, likashuka hadi miguuni pake. Sisi watoto tulingoja likatike. Halikukatika. Kipande cha kwanza alikula mwenyewe, kisha akatugawia.

Kisu chake kilikuwa na mpini wa pembe ya ng'ombe na springi kali mgongoni. Mimi nilikusanya vingine, vikajaa kopo la biskuti: cha mti mweusi, cha shaba iliyochakaa, kimoja kilichofuliwa kutoka kwenye springi ya gari. Ukitaka kuanza kukusanya, usiogope, si jambo gumu. Kifute kisu kila baada ya kukata nanasi, maana maji yake hula chuma. Tone la mafuta ya kupikia kwenye kiungo linatosha. Na utomvu wa ndizi ukiuchora ubapa rangi nyeusi, uache. Watu wengi huusugua kwa mchanga wakidhani ni uchafu, kumbe weusi ule ndio unaokilinda na kutu.

Jambo moja zaidi, nalo ni la nyumbani kwetu. Kisu hakipokezwi mkono kwa mkono. Aliyenacho hukikunja na kukiweka chini, anayekitaka hukiokota mwenyewe. Baba alisema hivyo ndivyo walivyofanya kwao, ili ugomvi usipate pa kupita. Tulifanya hivyo bila kufikiri, kama mtu anavyovua viatu mlangoni.

Kisha Baba akapigwa na kiharusi. Mdomo ulirudi, mguu ulirudi kiasi, lakini mkono wa kushoto ulibaki umelala mapajani pake. Kisu chake kilihitaji mikono miwili, mmoja ushike mpini, mwingine uingize ukucha kwenye mfuo wa ubapa na kuuvuta. Nilimwona mara moja akijaribu kukifungua kwa meno. Aliponiona akakitia mfukoni, akageuza uso kuelekea mlimani.

Tangu siku ile hakula chungwa. Nilimmenyea, nikamkatia, nikampangia kwenye sahani. "Wape watoto wa jirani," alisema. Baadaye akaacha kuomba redio, kisha akaacha kuuliza habari za soko. Niliogopa. Niliona kama kila siku anaweka chini kitu kimoja alichokuwa akikitaka, na kwamba siku moja hatabakiwa na kitu.

Siku ya soko nilikwenda Bwera kununua vitenge. Barabara inapita kwenye nyika, na jua likishapanda, mvuke wa joto hufunika majani. Swala walisimama wamezama humo hadi tumboni, kama wako ndani ya ziwa lisilo na maji. Nilisinzia, nikaamka, sikujua ni swala wale wale au wengine.

Pembeni mwa soko aliketi mzee wa upande wa Butembo, ng'ambo ya mpaka, ambaye nilizoea kununua visu kwake. Alikuwa ametandika gunia, na juu yake kufuli, nyembe, na kisu kimoja nilichokuwa nimekikataa mara nyingi. Kilikuwa cha mti mtupu, hakina springi, na nyuma ya ubapa kilitokeza kipande cha chuma kama mkia wa panya.

"Papa, bado hujamwuzia mtu hiki kibovu?"

"Mama, weye njo kibovu," akasema, na majirani zake wakaangua kicheko. "Hii iko kanifu, kisu ya kukunja ya batu ba mulima. Mukono moja inashika fimbo, juu mutu asiteleze. Ile ingine njo inafungula. Angalia."

Akauficha mkono wa kushoto mgongoni. Kidole gumba kikabonyeza mkia, na ubapa ukatoka taratibu, kama ulimi wa ndama. Alipofumba kiganja, mkia ukalala chini ya kidole gumba, na hivyo kisu hakikuweza kujifunga wakati wa kukata. Ili kukifunga, aliukandamiza mgongo wa ubapa kwenye paja lake.

"Kwenu beko na mutu wa mukono moja?" akaniuliza kwa utani.

Wengine walicheka. Mimi sikuweza. Aliutazama uso wangu, na utani ukamtoka.

"Ni nani, mama?"

"Ni Baba."

"Basi mupelekee."

Niliporudi Kasese nilikuwa na furaha ya mtoto aliyeokota kitu njiani. Nilimkuta Baba barazani, nikakifungua kisu kwa kidole gumba mbele ya macho yake, nikamtilia mkononi.

"Ona, Baba! Mkono mmoja tu!"

Alikitazama. Kisha akanitazama.

"Siku hizi visu vinapokezwa mkononi? Kama kijiko cha dawa?"

"Nilitaka tu kukusaidia."

"Kisu ni chako, mama. Kaa nacho." Huniita mama kwa sababu nina jina la mama yake. Akakiweka kwenye kigoda, wazi vile vile.

Jioni, nikikunja vitenge, nilitazama jinsi tulivyokuwa tukiishi tangu augue. Kikombe tulimtia mkononi. Kitana, mkononi. Kila kitu kilimfikia kabla hajakitaka. Hakuna aliyemwachia kitu chini akiokote.

Asubuhi nilikifuta kisu, nikakipaka mafuta kwenye kiungo, nikakikunja. Nilikiweka juu ya kigoda kando ya chungwa zima la kijani. Sikusema lolote kuhusu chungwa wala kisu.

"Naanika nguo, Baba."

Nilitundika vitenge kwenye kamba uani, nikasimama nyuma ya vitambaa hivyo. Jua lilikuwa likipita ndani ya vitambaa, nami nilisimama katika mwanga mwekundu, kisha wa manjano kila upepo ulipovuta. Upande wa pili niliona kivuli cha Baba hakitikisiki. Muda ulikwenda. Jogoo wa jirani alipita akiwa na shughuli zake.

Kisha kivuli kiliinama. Nikasikia mlio mdogo wa mkia ukibonyezwa. Kisu kikafungwa. Mkia ukabonyezwa tena. Alikuwa anaujaribu, kama mtu anayejifunza neno jipya. Baadaye akalibana chungwa kati ya magoti, na harufu ya ganda ikanifikia nyuma ya vitenge.

"Mama!" akaita. "Toka huko nyuma. Miguu yako inaonekana."

Nikatoka nikicheka na machozi yakinitoka. Miguuni pake hakukuwa na utepe. Kulikuwa na vipande vifupi vifupi vya ganda, vingine vikiwa na nyama ya chungwa bado. Mashavu yake yalikuwa yakitafuna, kwa maana kipande cha kwanza alikuwa ameshakula. Alikikandamiza kisu pajani hadi kikajifunga, akakitia mfukoni mwake, kisha akanikatia kipande kwa vidole.

Kilikuwa na ladha ya chungwa, na kwa mbali, ya mafuta ya kupikia.